Mtama Mweupe Ulivyoniumbua Mbele ya Wakwe

Hili hata wanangu sijawahi kuwasimulia, kwa hiyo nyie mkicheka mcheke kwa adabu, maana nina mvi sasa.

Ilikuwa miaka ya themanini kule Bugomora, shamba letu likiwa upande wa bondeni ambako mvua hutupita kama haitufahamu, migomba imekonda, tegemeo ni mtama. Wenzangu wote walipanda mwekundu: mrefu, unachelewa kukomaa, ugali wake mchungu, lakini ndege hawautaki na ndio unaochachusha vizuri pombe ya ndizi. Mimi nikajifanya mjanja, nikapanda mweupe, ule mfupi wa mbegu mpya, unaowahi kabla jua halijaua na ugali wake mtamu (nilikuwa nimeposa, nataka mke aje ale vizuri). Kumbe na ndege wanapenda utamu! Mashamba ya jirani wanayaruka, wanatua kwangu kama nimewaalika.

Basi wakwe wakatuma neno: tutakuja Jumapili kuona nyumba na shamba. Jumamosi nikafua suruali yangu, ambayo ndiyo hiyo hiyo moja, nikaianika, nikatoboa gunia kuukuu la kahawa nikalivaa, nikatia kofia la majani kichwani, nikaenda na debe kufukuza ndege. Nani ataniona?

Mara nasikia sauti njiani. Mama mkwe mtarajiwa! Na mchumba wangu Odetha, na shangazi yake, wamekuja siku hiyo kwa sababu Jumapili kumetokea ubatizo. Kukimbia siwezi, gunia limepasuka lote nyuma. Kujificha siwezi, mtama wenyewe unanifika kiunoni (ungekuwa mwekundu ningezama mzima mzima). Nikanyoosha mikono, nikainamisha kichwa, nikawa sanamu la kutishia ndege.

Wakasimama mbele yangu kabisa.

"Mtama mweupe," mama mkwe akaguna. "Pombe ya harusi ataipikia nini?"

"Na ndege wanaumaliza," shangazi akadakia. "Hata sanamu lake hawaliogopi."

Kweli, mmoja alikuwa ametua begani kwangu. Ningevumilia, jamani, lakini siafu walikuwa wameingia ndani ya gunia na kufika pasiposemeka. Nikapiga yowe, ndege wakaruka, mama mkwe akaruka nao, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikaanguka magotini: "Shikamoo mama!"

Odetha alicheka mpaka akakaa chini. Nikarudi kinyumenyume hadi nyumbani, nimejiziba debe huko nyuma.

Siku tatu sikula, nikijua mchumba nimemkosa. Kisha shangazi akaja peke yake na jibu: harusi ipo, ila ingoje nivune mtama mwekundu wa pombe.

"Na mama amesemaje kuhusu mimi?" nikauliza, macho chini.

"Amesema tumekukagua vya kutosha, huna kilema."

Tangu hapo mweupe napanda kipande kidogo cha uji, karibu na mlango, kwingine kote mwekundu. Na gunia, nimeapa, nitatia humo mavuno tu, mwili wangu kamwe.