Marahaba ya Baba Mdogo

Juzi, kwa fundi redio pale Mbinga mjini, niliona transmita ya kurushia matangazo, ya kuunda kwa mkono, imeunganishwa na betri ya gari. Baba mdogo alikuwa na kama ile. Aliipakia mtumbwini, akatia nanga mbali ziwani, akatangaza bila kibali. Sisi watoto tuliiamkia redio ya nyumbani, "Shikamoo," na kila baada ya wimbo alisema, "Marahaba, wanangu." Niliamini anatusikia.

Mchana mmoja alizama akinasua nanga. Walimleta nyumbani, wakamlaza mkekani, ananuka maji ya ziwa. Redio ilikuwa bado inaongea.

"Mama, si huyo anaongea?"

"Nyamaza, mwanangu."

Sikujua kuwa ni kaseti aliyojirekodi, inazunguka peke yake mtumbwini. Hakuna aliyeizima redio. Wimbo uliisha.

"Marahaba, wanangu," akasema, na hakuna aliyekuwa amemwamkia.