Namba Nne Hajala

Akiulizwa kazi yake, naye akajibu kwamba analea sungura wa maabara, swali la pili huwa lilelile: huwa mnawala? "Nikiwala," huwajibu, "nitajaza nini kwenye fomu?" Hucheka yeye kabla yao, kicheko kikubwa cha mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili katika nyumba ya wanyama ya chuo.

Kazini wanamwita Mama Mizani, kwa sababu halipendi neno "kama". Mwambie maji yamepungua kama nusu, atakukodolea macho mpaka uende ukapime. Wapo wanaomwona msumbufu. Ni msumbufu kweli, wala haoni haya.

Sungura sita wa safari hii walikuwa wa Profesa wa mifupa, anayetafuta namna mpya ya kuunga mfupa uliovunjika. Hakuna aliyetaka kazi hiyo ifanikiwe kuliko Mama Mizani. Mumewe alianguka kutoka juu ya paa akiezeka, mguu ukaungwa vibaya, na mpaka leo anachechemea. Kwa hiyo asije mtu akakwambia alikuwa na chuki na utafiti. Ila fomu iliyopitishwa na kamati ya maadili ilisema waziwazi: sungura akishapasuliwa apewe dawa ya maumivu asubuhi na jioni, mpaka atakapoanza kula. Akila, dawa isimame, maana ikizidi hupunguza kasi ya mfupa kuunga.

Walipasuliwa Jumatatu. Jumanne asubuhi msaidizi wa Profesa, binti mpole anayesomea shahada ya pili, alichungulia kupitia kioo cha mlango ili asiwasumbue. Akaona taya zinacheza. Akaweka alama sita za vema kwenye safu ya "anakula", na dawa ikasimama. Karatasi ile huhitaji sahihi ya pili, ya mlezi, baada ya kupima mabakuli ya chakula. Siku hiyo bomba la mashine ya kuoshea vizimba lilikuwa limepasuka, korido imejaa maji, na Mama Mizani yuko na dekio mkononi. Binti akamletea karatasi. Akasaini. Mama Mizani, yeye huyohuyo, akasaini bila kupima! Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko, na aliyeshika zamu aliiamini karatasi, akaongeza chakula palipopungua tu.

Alhamisi, hata hajamaliza kufunga vifungo vya koti, akaisikia sauti. Krr, krr, krr. Sungura namba nne alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu wazi, anasaga meno. Mama Mizani aliijua sauti hiyo. Mumewe alisaga meno hivyohivyo wodini, siku tatu amekodolea dari macho, wakati faili lake linasema "amelala vizuri". Sungura akiumwa hapigi kelele. Husaga meno, na aliye mbali hudhani anatafuna.

Akalitoa bakuli la namba nne, akaliweka kwenye mizani. Jumatatu jioni lilitiwa gramu mia na ishirini. Sasa zilikuwemo mia na kumi na nane.

"Gramu mbili!" akasema peke yake. "Gramu mbili tangu Jumatatu, jamani!"

Akapima ya wale watano wengine. Wao walikuwa wamekula.

Binti alipofika na kuyaona mabakuli mezani, alishikilia ukuta. "Mama, mimi nilidhani anatafuna."

"Najua, mwanangu. Na mimi nilisaini huku nadeki."

"Basi tumpe dawa sasa hivi, tusiseme. Profesa akijua atanitoa kwenye mradi. Na wewe, mama, sahihi yako ipo pale chini."

Ipo, kweli. Miaka ishirini na miwili bila doa, halafu sahihi yake chini ya uongo. Nani angejua? Hakuna. Lakini Jumatatu ijayo wangepasuliwa wengine sita, na watu wangeendelea kuchungulia kwenye kioo. Aliogopa, sikufichi. Kisha hasira ikampanda, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, akaenda mlangoni inaponing'inia kadi nyekundu.

Kadi ile mlezi yeyote ana haki ya kuitundika kwenye kizimba. Ikitundikwa, kazi ya chumba kizima husimama mpaka daktari wa wanyama na kamati wafike, na hakuna wa kuiondoa, hata Profesa. Miaka yote hiyo haikuwahi kuguswa. Akaifuta vumbi kwa kiganja, akaitundika kwa namba nne, akampigia daktari. Halafu akampigia mumewe.

"Baba watoto, nikifukuzwa kazi utaniweza nyumbani kutwa nzima?"

"Thubutu! Mimi nitahama," akasema. Kisha sauti ikashuka. "Kwani umefanya nini?"

Akamweleza yote. "Usiitoe hiyo kadi," akasema mumewe.

Profesa alikuja mbiombio, miwani mkononi. "Mama Mizani, unanisimamishia kazi ya miaka miwili kwa sungura mmoja?"

"Ndiyo, Profesa."

"Si tungeyamaliza hapahapa!"

"Ndiyo maana sikuyaacha hapahapa."

Daktari alimpa namba nne dawa, akamkanda tumbo, akamtia maji kwa sindano. Ijumaa mchana akatikisa kichwa. Utumbo ulikuwa umeacha kufanya kazi kwa kukaa bila kula. Kumwacha hai ni kumtesa tu. Akamuuliza Mama Mizani kama angependa kutoka nje.

"Sitoki," akasema. Akampakata mwenyewe mpaka sindano ya mwisho ilipomaliza kazi yake, na akalia bila kujificha.

Kamati iliketi Jumatatu. Katibu aliigeuzageuza ile karatasi. "Sahihi hii ya pili ni ya nani? Haisomeki."

Mwenyekiti, aliyemfahamu Mama Mizani tangu siku yake ya kwanza kazini, akajaribu kumwokoa. "Siku ile korido ilijaa maji. Tuandike tu kwamba palitokea hitilafu ya mawasiliano."

Mama Mizani akasimama.

"Hapana, mwenyekiti. Andikeni hivi: namba nne aliumwa siku mbili bila dawa, karatasi inasema anakula, na aliyesaini bila kupima ni mimi."

Katibu akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akavuta pumzi. "Andika," akamwambia.

"Andika vizuri," akasema Mama Mizani. "Nitaisoma yote kabla sijasaini."