Tulikwenda Gitega Kuomba Mwalimu

Jumanne, tarehe 14 mwezi wa kumi. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Haikuwa kubwa, ila haikutaka kukatika.

Tuliondoka Muyinga kwa ajili ya darasa la tisa. Watoto wanakaa wanne kwa dawati, hesabu hazina mwalimu tangu mwaka jana, na kwenye mtihani wa taifa shule yetu ilishika mkia. Wazazi walinituma mimi, fundi cherehani niliyeishia darasa la sita, kwa kuwa ndimi ninayewaandikia listi zao. Walimtuma pia Baba Neema, mkulima aliyekulia ukimbizini Tanzania, kwa kuwa anajua kusema. Binti yake Neema alianguka mtihani ule. Mwaka huu anaurudia, na baba yake amekwisha sema hakuna mara ya tatu.

Saa moja tulipanda lori la maharagwe. Dereva alicheka.

"Kumbe mnaenda kuomba mwalimu! Bon, hata mafuta iko rahisi kupata kuliko mwalimu."

Karuzi tulisimama muda mrefu kwenye foleni ya mafuta hayo hayo. Baba Neema alinunua hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa.

Gitega tulifika saa sita. Kwenye ofisi ya elimu tulipokewa na Madamu mmoja mpole, akatupa viti na maji. Asije mtu akasema tulidharauliwa.

"Shida yenu naijua, Mama. Enfin, angalieni wenyewe."

Aliweka karatasi mbili mezani. Moja ni matokeo ya mtihani. Ya pili ni listi ya wanafunzi wa mwaka huu, ile inayotumika kugawa walimu na pesa.

"Hapa darasa la tisa iko dogo sana. Kuna shule iko na watoto mara mbili. Mi nitoe mwalimu kule nilete kwenu?"

Niliujua mwandiko kabla sijasoma. Ulikuwa wangu. Mwezi wa tisa direkta wa shule aliniomba nimsaidie kuandika listi, akasema niwaandike wote. Mimi nikaogopa kuandika nisichoweza kuthibitisha. Kila asiye na karatasi ya kuzaliwa nikamruka. Karibu wote niliowaruka walizaliwa Tanzania. Direkta alisaini bila kusoma tena, lakini kosa silitupi kwake.

Baba Neema alisoma polepole, kidole kikishuka. Kilipofika chini, kikarudi juu.

"Mama Shabani, Neema yuko wapi?"

Nikamweleza.

"Anakaa dawati moja na mwanao," akasema. "Ulidhani ni mgeni?"

Nikamgeukia Madamu, nikamuuliza kama naweza kuandika nyingine.

Madamu alisema listi nyingine ataipokea, ila walimu wa mwaka huu wamekwisha gawiwa.

Wakati wa kurudi Baba Neema alikaa nyuma, mvuani, ingawa mbele kulikuwa na nafasi.

"We Mama, mmegombana?" dereva akauliza.

"Hapana. Ana haki."

Sijui kama naeleza vizuri. Nilidhani haki ni kutoandika uongo tu. Nikawaacha watoto nje ya karatasi, nikalala usingizi mzuri.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga. Neema alikuwa amekuja kusoma na Shabani, akala nasi. Aliniuliza mwalimu wa hesabu atafika lini. Nikamwongeza mboga.