Chumba cha Mwisho Upande wa Bi Mdogo

Hebu niambie, wewe umewahi kuuonea wivu ukuta? Mimi nimewahi. Na sioni haya kusema, wivu wenyewe bado ninao, hapa hapa kifuani. Meno yameisha, wivu haujaisha.

Nyumba yetu ilikuwa Kiswere, ya udongo, baraza mbele, mlango katikati. Kila mwaka mvua zikishakatika tunaikandika upya, udongo ukikauka tunapaka chokaa ya matumbawe, inakuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Wanawake wengine wakifika hapo wanakwenda zao kupika. Mimi ndio kwanza kazi yangu inaanza. Nachukua mkaa nilioutwanga, udongo mwekundu kwenye kifuu, na kijiti cha mswaki nilichokitafuna ncha ikawa laini. Napiga mistari, ukuta unakuwa kama nyumba ya vyumba vingi, kila chumba na picha yake. Chumba cha kwanza, mwanamke anauza vitumbua. Cha pili, mbuzi anavila. Cha tatu, mwenye mbuzi anakana, mbuzi huyu simjui. Cha nne, mbuzi anamfuata huyo huyo nyumbani, mdomo umejaa. Watu wanatembea na ukuta wanacheka, na mwenye mbuzi mwenyewe anacheka nao, mpaka afike chumba cha nne ndipo ajijue.

Hakunifundisha mtu. Chuoni nilisoma juzuu moja tu ya Kurani, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Wala sikuchora kwa kutumwa na mtu. Nachora ninachokitaka, asiyependa apite njia nyingine. Wapita njia wa Kilwa wakienda Lindi walikuwa wanatua mizigo kwangu, wamalize vyumba vyote, ndipo waombe maji ya kunywa. Jamani, nilikuwa mtu.

Ila watu wangu wa ukutani hawakuwa na macho. Mwalimu wa chuo alinionya kwamba mwenye kuchora kiumbe, siku ya kiama ataambiwa akitie roho. Nikaogopa. Nikamwambia basi sitawatia macho, maana asiye na macho si kiumbe kamili. Akaguna, akaniacha. Nyuso zangu zote zikawa kama mayai, na watu walizizoea.

Sasa babu yenu alikuwa mchuuzi wa sandarusi, ule utomvu wa miti unaochimbwa ardhini. Mwaka mmoja akaenda Lindi kuuza, akarudi na mke wa pili, mtoto wa mtaa wa Mtanda, huko huko Lindi. Bi mdogo akanipigia goti, shikamoo bi mkubwa, nikamwitikia marahaba huku namtazama kama ana kasoro. Hana. Lakini mume hakuniuma sana, nawaambia kweli. Kilichoniuma ni tulipokandika nyumba mwaka ule. Akaniomba, kwa adabu zake, achore upande wa kushoto wa mlango. Nikasema chora. Nilidhani atachora maua.

Akachora watu, na macho akawatia. Kidoto kimoja cha mkaa huku, kimoja huku, na unaona huyu anamdanganya yule, na yule amekwisha kujua ila ananyamaza. Mimi jambo hilo lingenichukua vyumba vitatu. Nikaenda jikoni nikaunguza ugali, wallahi makusudi, na nikamwandalia yeye ule ulioungua.

Haya, akida akasikia habari zetu, yule aliyewekwa na Wajerumani kututawala. Akataka achorwe kwenye ukuta wa nyumba yake. Mimi ndiye mkubwa, nikaenda. Nikamchora vizuri, kilemba, fimbo, tumbo nikampunguzia, na uso kama yai. Akatazama, akatazama tena.

"Bibi wee, mimi kipofu?"

Watu barazani wakavunjika mbavu. Akaitwa bi mdogo, akatia vidoto viwili, viwili tu, akarudi na doti ya kanga mpya. Akaikata, upande mmoja akanipa mimi. Hapo ndipo aliponichoma zaidi. Sikuuvaa. Nikaufanya wa kupangusia masufuria, tena mbele yake.

Siku zile watu walikuwa wanapelekwa kwa zamu kulima pamba ya serikali, kiboko kikiwa mgongoni. Bi mdogo alikuwa na ndugu mmoja wa tumbo moja, mdogo wake wa kiume, naye alipelekwa. Basi mwaka uliofuata bi mdogo akamchora yule yule akida ukutani kwetu, amekaa kivulini, watu wameinama juani, na macho yake yanawahesabu. Nani alimtuma? Hakuna. Nikasema moyoni, mbona mimi sikuliwaza hili?

Ikaja habari ya ile dawa, maji ambayo ukiyanywa risasi hazikuingii. Yule ndugu yake akayanywa. Kabla ya kwenda vitani kupigana na Wajerumani akapita Kiswere kumuaga dada yake. Bi mdogo akamkalisha barazani na muhogo wa kuchemsha, na huku anakula yeye anamchora, chumba cha mwisho kabisa, pale ukuta unapoishia. Peke yake, uso mzima, matone ya maji kwenye paji. Jicho la kushoto dogo kidogo, maana ndivyo alivyozaliwa. Ukisimama huku anakutazama, ukienda kule anakutazama.

Alipokwenda, watu wakaanza kuja. Kina mama wenye watoto waliokwenda kama yeye, wanakuja kutoka vijiji vya ndani huko, wanasimama pale wanamtazama. Mmoja alimwamkia. Upande wangu hapiti mtu. Mimi na mbuzi wangu na vitumbua vyake tukabaki tunachekana wenyewe.

Kisha tukaambiwa askari wanakuja kutoka upande wa Lindi, wanachoma. Kila mtu porini na chakula chake. Bi mdogo akatangulia na watoto na mahindi. Nikamwambia nakuja, nafunga kuku. Sikufunga kuku. Nilichukua chokaa iliyobaki kwenye chungu, nikampaka yule kijana, mara moja, mara mbili, mpaka akapotea.

Nilijiambia askari wakimwona na maji usoni watachoma nyumba. Nikajiambia tena, picha yenye macho ni dhambi. Mkono unapaka, mdomo unasoma dua. Lakini kama ningekuwa naogopa askari, ningemfuta na akida, maana alikuwa pale pale kivulini, fimbo mkononi. Kama ningekuwa naogopa dhambi, macho mengine yalikuwa yamejaa upande wake mzima. Yote niliyaacha. Nilimfuta yule mmoja tu ambaye watu walikuwa wanamfuata.

Askari wakaja kweli. Wakala kuku, wakavunja mtungi, wakalala barazani, wakaenda zao. Ukuta hawakuutazama. Waliuegemezea bunduki tu.

Tuliporudi, bi mdogo hakuingia ndani. Alitua mzigo akaenda moja kwa moja upande wake.

"Nani kamfuta?"

"Askari, mwenzangu. Nani mwingine?"

Akanishika mkono, akanipa pole. Mimi! Eti nyumba yangu imeingiliwa.

Ndugu yake hakurudi. Njaa ikaja, tukachimba ming'oko porini tukala, wengine tukawazika. Nyumba ilipokuja kukandikwa tena, bi mdogo aliniletea vijiti vyake vyote vya mswaki. Akasema, "Chora wewe, bi mkubwa. Mimi niliyetaka kumchora nilikwisha kumchora." Ukuta wote ukawa wangu, kulia na kushoto, ila pale mwisho sikupagusa. Na mnadhani watu walitazama nini? Walikwenda kusimama pale mwisho, penye chokaa tupu, wanaonyeshana kwa kidole, alikuwa hapa, jicho moja dogo. Nikachora kando yake punda anapanda mnazi. Hakugeuka mtu. Chokaa tupu, jamani, imenishinda.

Bi mdogo alikufa sijamwambia. Nilimwosha kwa mikono yangu, nikamnong'oneza sikioni. Maiti hajibu.

Sasa mjukuu wangu huyu, anayesoma, ana daftari na penseli, naye anachora vyumba kama vya kwangu, na hata yeye nilikuwa namwonea wivu, maana ana karatasi zisizokandikwa. Juzi nikamwambia habari yote. Uso ule aliyebaki kuujua duniani ni mimi. Nikamwelekeza, akachora. Nikasema jicho la kushoto lipunguze. Akashika raba. Nikamzuia, usifute, anza ukurasa mwingine. Karatasi tano. Ya sita, nikamjua, nikasema ndiye huyu.

Akaniuliza kama na mimi anichore. Nikamwambia nichore, kando yake, na chungu cha chokaa mkononi, uso niachie kama yai, nimezoea.

Akakataa. Akaniahidi, "Nitakutia macho, bibi, na yatakuwa yanamtazama yeye."