Shanga Mbili za Juu

Shangazi Xu alitunga shanga katika karakana yetu ya mbao za kuhesabia, mjini Tunxi, kwa miaka mingi, na sikumbuki siku aliyomsifu mtu bila kumchokoza kwanza. Mimi nilikuwa fundi wa fremu. Nilikaa mkono wake wa kulia, kwa hiyo uchokozi mwingi niliumeza mimi.

Alizaliwa na mpima mashamba. Baba yake alihesabu kwa vijiti vya mianzi alivyovipanga juu ya mkeka, vingine wima, vingine vimelala, kama walivyohesabu babu zetu wote kabla ya shanga. Upepo ukivuma, shamba la mtu linapungua; kuku akipita, linaongezeka. "Nilikuwa na miaka sita na tayari ni askari wa kuku," alizoea kutuambia. Siku moja mchuuzi wa chumvi akapita na abakusi, ubao wa shanga wa kwanza kuonekana kijijini kwao. Binti akaona hesabu inayokaa pale ilipowekwa hata mkeka ukipigwa teke. Baba akatema mate, akasema hicho ni kitu cha wauza chumvi. Binti akaamua hapohapo kwamba kuku watafute mtu mwingine wa kuwafukuza.

Nani aliyeuanzisha ubao huu, usijisumbue kuuliza, maana kila mji utakutajia babu yake. Shangazi Xu alisema ni mtu aliyechoshwa na kuku, na mimi sijasikia maelezo bora.

Uzeeni macho yake yakaanza kuingia ukungu, na mwishowe hakuona hata vidole vyake mwenyewe. Tuliojua ni wawili tu, yeye na mimi. Kila asubuhi nilimwekea bakuli la shanga mahali palepale, naye akatunga kwa kupapasa.

"Tajiri akijua, atanipeleka Yixian kwa mwanangu," aliniambia. "Mkwe wangu ataniweka jikoni anilishe uji kama bata. Nitakufa kwa kukaa bure, Wu. Mimi nataka kazi yangu na kigoda changu, basi."

Mwaka mmoja mto ulikauka, mashua za kutuletea miti ya kuchonga shanga zikakwama huko juu, na ghala moja la chai likatuagiza mbao arobaini za shanga. Bwana Fang, tajiri wetu, alikuwa ameirithi karakana kwa ami yake. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kubana matumizi. Akaingia na ubao aliofunga mwenyewe, wenye ushanga mmoja tu juu ya kila ufito.

"Ule wa pili una kazi gani?" akauliza. "Nimehesabu maisha yangu yote sijaugusa. Fungeni na mmoja, shanga tulizonazo zitatosha arobaini."

Kila ufito hubeba shanga tano chini, kila moja ni moja, na mbili juu, kila moja ni tano. Kwa hesabu ya makumi, kweli, mmoja wa juu unatosha. Lakini chai hupimwa kwa ratili, na ratili yetu ina wakia kumi na sita. Ufito wa wakia lazima ufike kumi na tano. Bwana Fang hakuwa amepima chai hata siku moja.

Shangazi Xu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Akibishana naye, tajiri angesogea mezani, na akisogea angeyaona yale macho.

"Nyamaza," nikanong'ona. "Zikirudishwa, zitamrudia yeye."

"Zitarudi zikiwa kazi ya mikono yangu. Nipe bakuli, na uondoe hilo kwato lako."

Akatunga mbilimbili, siku nane mfululizo, na mimi nikafunga fremu. Baada ya ubao wa thelathini na nne shanga zilibaki chache, hazikutosha ubao mwingine.

Asubuhi ya kukabidhi, Bwana Fang akahesabu, akahesabu tena. "Sita ziko wapi?" Kisha akaziona shanga za juu. Akaunyanyua ubao mmoja hadi mbele ya uso wa bibi. "Nilisema mmoja, shangazi! Hii ni nini? Huoni?"

Shangazi Xu akanyoosha mkono aupokee. Mkono ukapita kando ya ubao, ukashika hewa.



"Sioni, tajiri," akasema. "Ila ulichosema nilikisikia, na nilikikataa."

Bwana Fang akauweka ubao chini polepole. "Karani wa chai akishaondoka," akasema, "nitaita mkokoteni ukupeleke kwa mwanao." Shangazi akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na hasira hadi machozi yakanitoka, na wala sikuyafuta.

Karani Bao, wa lile ghala la chai, akafika na mizani yake na kikapu cha chai. Tajiri, bado anajiamini, akampa kwanza ule ubao wake. Kikapu kikaleta ratili arobaini na wakia kumi na tatu. Bao akasukuma shanga tano za chini, akasukuma ule mmoja wa juu, akasimama.

"Kumi," akasema. "Na hizi tatu nizitie wapi, masikioni?"

Akavuta ubao mmoja wa bibi. Akasukuma tano chini na mmoja juu, akafuta, akapanga upya: mbili juu, tatu chini. "Hizi nachukua zote. Sita utaniletea mto ukijaa. Hiki chako wape watoto wavute kwa kamba."

Alipoondoka, Bwana Fang alikaa mbele ya Shangazi Xu, masikio mekundu.

"Tangu lini huoni?"

"Huu mwaka wa pili."

"Na zilizotoka hapa miaka hiyo miwili?"

"Zangu. Huyu Wu hata sindano hatungi."

Hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa, na tajiri alilijua hilo. Akachukua ufito, akafumba macho, akaanza kupapasa bakulini zile shanga chache zilizobaki na kuzitunga. Alichukua muda mrefu sana. Kisha akampa bibi ule ufito. Bibi akapitisha kidole gumba mara moja.

"Chini sita. Toa moja. Na uoshe mikono, ina mafuta ya tofu uliyokula."

Tulicheka wote, na aliyeanza kucheka ni Bwana Fang mwenyewe.

"Basi kaa, shangazi," akasema.

"Kwani nilikuwa nimesimama?" Akaniambia nimsogezee bakuli. Mkokoteni haukuitwa, na alitunga miaka mingine tisa.