Maji Moto ya Mama Mkwe

Matanga ya mume wangu hayakuwa yamekwisha, viti vya kuazima vilikuwa vingali uani, shemeji yangu mkubwa alipoingia na ngazi begani. Alitoka kwao Bule na mdogo wake. Nilidhani wamekuja kuziba paa lililokuwa linavuja.

"Tunashusha kile chombo cha maji," alisema. "Ni kitu ya ndugu yetu. Inarudi ku famille."

Chombo hicho tulikitengeneza mimi na marehemu, hapa Saio. Kioo tulikinunua Ariwara, nikakipakata njia nzima kisivunjike. Tulipaka bomba za shaba rangi nyeusi, tukazipanga kwenye sanduku la mbao, kioo juu, jua lizichome. Juu zaidi tukaweka pipa na kulifunga blanketi. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe hadi kwenye pipa, ya baridi yanashuka. Hakuna pampu, hakuna makaa. Tulifanya yote hayo kwa ajili ya mama yake, ambaye viungo vinamkaza na maji baridi ya asubuhi yanamliza. Mama yao wote. Alikuwa ameketi pale pale mlangoni, akiwatazama.

"Na mama yenu ataogea nini?" niliuliza.

"Utamuchemushia ku makala. Weye si muke wa hapa?"

Nilishika ngazi nikaitikisa. Wazee waliokuja kutufariji wakanivuta pembeni, wakaniambia mjane hapigi kelele. Nyundo za wale wawili zilipiga kelele mchana kutwa, na hakuna aliyezinyamazisha.

Baadaye, walipokwisha kukifunga kwao Bule, shemeji akanipigia simu.

"Shemeji, maji haipate moto. Mulikuwa munafanya namna gani?"

Nikamuuliza pipa liko wapi. Chini, akasema, karibu na bafu, kwa sababu lilikuwa zito kulipandisha. Kioo ndicho kiko juu ya paa. Nikaelewa papo hapo. Maji ya moto hayatelemki yenyewe.

"Rudisha chombo hapa," nikamwambia, "nami nitakuonyesha."

Akanitukana. Mama mkwe akaninyang'anya simu.

"Mutoto wangu," akamwambia, "siku utaniona kwako, ujue niko maiti, watu wamenileta."

Akakata.

Chombo hakijarudi. Kila asubuhi nawasha makaa, moshi unaniingia machoni, namlaani yule mtu kwa jina lake kamili, kwa sauti. Mama yake anasikia. Hanikatazi.