Vidole Kumi vya Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alikuwa na jibu moja kwa kila onyo. Ukimwambia, "Shemeji, huo waya ulio wazi utatuua," anainua mikono yake yenye unga mpaka viwikoni, anatanua vidole na kukuambia, "Hesabu." Unahesabu, unakuta kumi. "Miaka yote hii niko na mashine, na vyote vipo. Sasa nani anajua kazi, mimi au wewe?" Mwishowe mtaa mzima uliacha kumwita jina lake, ukamwita Kumi, naye akalipenda hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Bekari ni ya kwake. Aliianza na tanuri la kuni na beseni, akakanda unga kwa mikono mpaka mabega yakawa kama ya mbeba mizigo, ndipo akapata mashine. Mume wangu anapeleka mikate madukani, mimi nauza dirishani. Binti yake wa pekee, tuliyemwita Kalamu, ndiye aliyekuwa akiandika majina juu ya keki. Mkono wa mtoto yule! Anakamua krimu kwenye kimfuko, haandiki kwanza kwa penseli, hapimi, na herufi zinatoka zimelala upande mmoja kama zimeambiana. Watu walitoka mitaa ya mbali, wakapita bekari nyingine njiani, ili keki ya mtoto wao iandikwe na Kalamu.

Chumba chenyewe ni kidogo, na tulikuwa tunaishi na hatari zake kama mtu anavyoishi na mawifi: unajua pa kupita ili msigongane. Palikuwa na bati la rafu lililojitokeza usawa wa paji la uso. Hatukuliondoa, tulimwambia kila mgeni, "Angalia kichwa." Mafuta yalidondoka chini mbele ya tanuri, nasi tukaweka boksi juu yake, na boksi likiteleza tunaweka boksi jingine. Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikufa, tukakizika kimoyomoyo na kuendelea na kazi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yetu yalikuwa yameshazoea, na jicho lililozoea halioni kitu.

Na kulikuwa na kijiko.

Mashine ya kukandia ilikuja na kifuniko cha nondo nyembamba. Ukikiinua, kidude kidogo ubavuni kinaachia na mashine inasimama yenyewe. Walioitengeneza hawakuwa wajinga. Kumi, hata hivyo, aliamini kwamba unga hausemi na macho, unasema na mkono, tena unasema vizuri zaidi ukiwa bado unazunguka. Alitaka kuingiza mkono aushike, aubonyeze, ausikie kama umekubali, bila mashine kusimama. Basi akachukua kijiko cha chakula, akakichomeka mpini kwenye kile kidude, kikabaki kimebanwa. Kifuniko kikawa kinakaa wazi siku nzima, na mashine inazunguka. Tukitaka kuizima, tunachomoa kijiko.

Fundi wa mashine alikuja siku moja kutia grisi. Alipokiona aliruka nyuma. "Mzee, hiki nini?"

"Kijiko," Kumi akamjibu. "Kwenu hamna?"

"Mtu atapoteza mkono hapa!"

Kumi akainua mikono. "Hesabu."

Tulicheka wote, na fundi akaondoka anatikisa kichwa.

Sasa sikia ilivyokuwa. Asubuhi ile kijiko kilikuwa kinachomoka-chomoka kwa sababu tundu lilishapanuka, na kila kikianguka mashine inasimama katikati ya kazi. Kumi akakasirika, akachukua mti wa kusukumia chapati, akakigongelea mpaka kikaingia barabara. "Jioni nitakitoa kwa koleo," alisema. Saa hiyo hiyo ukaletwa unga, na kwa kuwa stoo ilikuwa inavuja, mifuko ikapangwa ukutani, ikafunika njia ya kuifikia swichi kuu. Nani aliliona hilo kuwa jambo? Hakuna. Kijiko kimekaza, vizuri. Unga umefika, vizuri. Siku imeanza na baraka, tukasema.

Mchana mume wangu alikuwa njiani na mikate, na Kumi alikuwa tanurini anageuza sinia. Akamwita binti yake. "Kalamu! Hebu usikilize huo unga, umekubali?"

Kalamu alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, kwa kuwa kulikuwa na ubaridi. Akafuta krimu kwenye aproni, akaenda, akaingiza mkono kama baba yake alivyomfundisha tangu akiwa mdogo. Mimi nilikuwa namrudishia mteja chenji, nikawa nawatazama kwa pembe ya jicho. Nikaona unga umelishika lile pindo la mkono wa shati. Nikaona kitambaa kinavutwa, taratibu kabisa, na Kalamu anacheka kidogo kama mtu aliyevutwa nguo na mtoto. Halafu kile chuma kilichopinda, kinachokanda unga, kikapita.

Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwa binadamu. Namwambia kweli msomaji, nilisimama na chenji ya mtu mkononi, mdomo wazi, na kwa muda nisioweza kuupima sikufanya chochote.

Kumi alifika kwa kuruka. Akakivuta kifuniko chini, akakiinua, akakivuta tena kwa nguvu ya kukivunja, na mashine ikaendelea kuzunguka kama haijaguswa. Ndipo alipokumbuka. Akakirukia kijiko. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya sinia, vikateleza. Akavifuta kwenye suruali, vikateleza tena. Alikuwa anapiga kelele, "Toka! Toka!" anakiambia kijiko. Vidole vyote kumi, vile vya kujivunia, vilishindwa kuchomoa kijiko kimoja alichokigongelea mwenyewe.

Nadhani ni kule kuteleza kwake kulikonizindua. Nikakimbilia swichi kuu, nikakuta ukuta wa mifuko. Nikapanda, mifuko ikaporomoka nami, nikaangukia goti. Mkono haufiki. Nikaokota ule mti mrefu wa kutolea mikate tanurini, nikapiga nao swichi mara ya kwanza nikakosa, mara ya pili ikashuka.

Mashine ikanyamaza. Kalamu naye akanyamaza, na hilo ndilo lililonitisha kuliko ukelele.

Madaktari waliuokoa mkono, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, havikuokolewa. Ndivyo vidole anavyokamulia krimu. Alipozinduka aliutazama ule mkono uliofungwa bandeji, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, ile keki ya Jumamosi nani ataiandika?" Nilitoka nje nikalilia ukutani.

Majirani wakaja kutupa pole, na kila mmoja alikuwa na maneno yale yale: "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga." Nilivumilia wa kwanza, nikavumilia wa pili. Wa tatu nilimgeukia. "Haina kinga? Kinga ilikuwepo, mama. Ilikuja na mashine. Sisi ndio tuliizuia kwa kijiko!" Mama wa watu akaweka chini matunda aliyoleta, akaaga. Mume wangu aliniambia nimemkosea mgeni. Labda. Lakini nilikuwa nimeshiba maneno ya kufunika mambo.

Kumi alikaa kando ya kitanda cha mwanawe, mikono ameibana katikati ya magoti. Nilidhani somo limemwingia mpaka kwenye mifupa. Nilijiambia, huyu hata akizeeka hatakisogelea kijiko.

Wiki iliyofuata tukafungua bekari, maana maduka yalikuwa yanatusubiri. Mashine ilikuwa imeoshwa. Kile kijiko nilikuwa nimekitupa chooni kwa mkono wangu. Kumi alipika chai, tukaanza kunywa, halafu akamimina unga, maji na hamira, akawasha. Kifuniko kimeshushwa. Mimi nikageuka kufungua dirisha. Niliporudisha macho, shemeji alikuwa amesimama kando ya mashine na kikombe chake. Akakoroga chai, akakilamba kijiko, akaweka kikombe kando, akakichomeka kijiko pale pale, halafu akainua kifuniko, na mashine haikusimama. Kisha akachukua kikombe, akaendelea kunywa chai yake, anatazama mbali.

Nilipigwa na butwaa. Nikahisi naota. Mume wangu, ambaye hakuona lolote, alikuwa ameshakunja shati na anakuja kuushika unga.

"Usiguse!" Nilipiga ukelele mpaka mteja dirishani akainama. "Simama hapo hapo! Kijiko!"

Mume wangu akaganda na mkono hewani. Kumi akashtuka, akatazama mashine, na uso wake ukabadilika rangi.

"Nani amekiweka?" akafoka. "Nani mwenye roho hiyo humu ndani? Nani?"

Nilikuwa na hasira naye siku zile, sifichi. Lakini hasira yote iliniishia nilipoona kwamba anauliza kweli.

"Shemeji," nikamwambia, "ni wewe. Nimekuona."

"Mimi?"

"Wewe. Tazama kikombe chako."

Akatazama kikombe. Akatazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kiganja na mgongo, kama mtu aliyeletewa mkono wa mtu mwingine. Akakichomoa kijiko, mashine ikasimama, akakaa juu ya mfuko wa unga. "Sikujua," alisema. "Wallahi, shemeji, sikujua. Mkono umefanya wenyewe." Mazoea yana taabu, wazee walisema, nami siku zote nilidhani ni msemo wa kuwaambia walevi.

Mume wangu akaanza, "Basi kaka, tuwe waangalifu tu, tutakumbushana..."

"Nani amkumbushe nani?" Kumi akamkatiza. "Mwanangu kalala hospitali kwa ajili ya mkono huu, na bado umerudia. Siuamini tena. Kaniitie fundi wa kuchomelea."

Fundi alikuja na vyuma vyake. Kile kidude kikajengewa kiboksi cha chuma, na Kumi mwenyewe akakijaribu kwa kijiko, uma, msumari, na njiti ya kiberiti. Hakuna kilichoingia. Akaleta fundi wa mashine, yule yule tuliyemcheka, kitufe chekundu kikafufuliwa. Mbele ya swichi kuu akapiga mstari wa rangi sakafuni, na ukiweka hata ndoo pale anaitupa nje. Bati la rafu lilikatwa. Sakafu ilisuguliwa kwa magadi na maji ya moto mpaka maboksi yote yakaenda jalalani. Kazi ya mchana mmoja tu, yote hiyo. Hilo nalo lilinishtua, mpaka leo linanishtua.

Kalamu alirudi bandeji zikiwa zimepungua. Hakuwa ameikaribia mashine tangu siku ile, akasimama mlangoni. Baba yake hakumsihi. Aliiwasha tu, tupu, bila unga, akasogea pembeni.

"Njoo uinue kifuniko," akamwambia.

Kalamu akanitazama. Nikaenda nikasimama ubavuni mwake. Akatembea polepole, akanyoosha mkono wa kushoto, akakiinua kidogo kama mtu anayechungulia chungu. Mashine ikasimama. Akakishusha, Kumi akaiwasha tena, akainua tena. Ikasimama. Alifanya hivyo mara nyingi, na kila mara alingoja kwanza asikie ule ukimya.

Mwisho akamgeukia baba yake. Hakuwa na ukali, alikuwa anauliza tu.

"Baba, kumbe siku zote ilikuwa inajua kusimama?"

Mikono ya Kumi ilikuwa imeshaanza kuinuka kwa mazoea, akaishusha na kuificha nyuma ya mgongo.